Maboti ya Mwamgongo

Concilie, uko wapi? Pokea simu! Gasper katuua.

Si unamjua mdogo wangu na lile kundi lake la mtandaoni, wale wanaochunguza vita kwa picha za setelaiti? Walimtumia picha ya ufukwe wa ziwa, maboti yamepangwa mchangani, mengi mno. Wakamuuliza, "Hapa ni wapi?" Akajibu, "Mwamgongo, kwetu." Basi! Hakuongeza neno.

Yaani mtoto wa mvuvi! Kashindwa kuwaambia kwamba ilikuwa mbalamwezi, dagaa hawafuati taa, ndiyo maana maboti yote yamepumzishwa! Namuuliza, ananiambia, "Dada, si kila mtu anajua?" KILA MTU NANI, GASPER?

Wenzake wakaandika kwamba waasi wanakusanya maboti, na siku yakitoka yote kwa pamoja, basi wanavuka ziwa kushambulia. Redio ya ng'ambo ya ziwa imeisoma habari hiyo mchana huu. Wanajeshi wao wameambiwa wakiyaona wapige, wasisubiri kuuliza.

Gasper kawaandikia na kuwaandikia. Wamemjibu kwa upole kabisa, "Asante, tutarekebisha. Tutumie linki ya kuthibitisha."

Linki! Ya mwezi!

Kakimbilia bandarini Kibirizi kutafuta boti ya kumpeleka nyumbani akawazuie wavuvi. Kachelewa, Concilie. Mama kapiga sasa hivi kutoka kijijini, anacheka kwa furaha. Mbalamwezi imekwisha, giza la dagaa limeanza, baba kaacha simu nyumbani kama kawaida yake, na maboti yote yametoka kwa pamoja.