Trekta Letu Limeota Kucha

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na wanangu wote wawili. Natumaini kikohozi cha wifi kimepoa, na viatu vya watu havijakuzidi hapo kwenye meza yako ya ushonaji. Huku tu wazima. Mama naye ni mzima, na sauti yake ni ileile: akiita kiwandani, hata misumeno inanyamaza.

Sasa Kaka, kaa vizuri kwenye kiti. Trekta letu limeota kucha!

Si mzaha. Unalijua lile baketi lake la mbele. Kwa mchanga na maranda ni hodari, lakini ukilitwika gogo, gogo linabingirika linavyotaka. Mwezi uliopita moja lilidondoka hatua mbili kutoka miguuni pa mpasua mbao wetu. Chakula kilinishinda siku hiyo. Nikachukua chaki, nikapiga magoti kwenye sakafu ya karakana, nikachora kucha mbili nene zenye bawaba juu ya baketi, zishuke na kulikumbatia gogo, zikisukumwa na silinda ya mafuta kama zile zinazolinyanyua baketi lenyewe.

Mama alipouona mchoro aliuliza kama huyo ni kaa, au ndiye mkwe anayemsubiri miaka yote hii. Nikamwambia ni kaa. Akasema basi ale magogo, asimmalizie vyuma vyake.

Kucha za kwanza nilizikata kwenye springi za lori bovu, nikajiona bingwa. Gogo la kwanza tu, zikakatika palepale nilipochomelea, kama biskuti. Kumbe chuma kile ni kigumu lakini hakipatani na moto. Dereva wetu, yule tunayemwita Kimya, alishuka, akaokota kipande, akanikabidhi bila neno kama mtu aliyeleta taarifa ya msiba. Nikaanza upya na bamba nene kama kidole gumba. Pini nilichongewa na mkereza vyuma jirani yetu, na silinda tuliing'oa kwenye mashine ya kuvunia iliyokuwa ikioza nyuma ya ghala.

Siku ya majaribio, saa nne asubuhi, kiwanda kizima kilisimama kutazama. Kimya akavuta wenzo ili kucha zifumbe. Zikafumbuka! Tena kwa kishindo, zikagonga pua ya trekta. Nilikuwa nimepishanisha mipira ya mafuta. Watu walicheka mpaka machozi. Nikaifungua kuibadilisha, mafuta yakaniruka hadi kwenye nyusi, wakacheka upya. Kimya akavuta tena.

Kaka, zilishuka taratibu, zikalibana gogo la mkaratusi ambalo watu sita hulihangaikia, likapanda juu wala halikutikisika. Kimya akapiga kelele, "Limeuma! Limeuma jamani!" Maneno matatu, akiba yake ya mwezi mzima. Mama alirukaruka na kandambili moja. Nyingine hatujaiona hadi leo. Tangu siku hiyo tumeshusha malori tisa, na hakuna aliyeweka bega chini ya gogo. Wafyatua matofali wa ng'ambo ya barabara wamekuja mara mbili kuniomba niwatengenezee na wao.

Kila anayekuja huuliza wazo nililitoa wapi. Nami huwasimulia habari ya mpasua mbao. Ni kweli, lakini ni nusu tu, na nusu ya pili ni yako.

Siku lile gogo tulilobeba pamoja lilipouvunja mguu wako, niliwaambia watu wote kwamba gome lilibanduka mikononi mwangu. Gome halikubanduka. Nilichoka, Kaka. Mikono iliniishia nguvu tangu pale getini, lakini asubuhi ile nilikuwa nimejigamba mbele ya wote kwamba nabeba kama mwanamume yeyote, nikaona haya. Neno moja tu, "tutue", lingeuokoa mguu wako. Nikalimeza, nikaachia. Halafu wewe, ukiwa kitandani hospitalini, ukamwambia Mama asinifokee, kwamba mimi mdogo wako sina kosa. Miaka sita sasa utetezi wako umenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jumapili nitamwambia Mama, jibu lako liwe limefika au halijafika. Nilitaka wewe ujue kwanza, tena kutoka kwangu. Ukitaka kunitukana, tafuta karatasi ndefu, nitaisoma yote. Ukiona huna la kuandika, nitaelewa pia.

Mkumbatie wifi kwa niaba yangu, na wanangu uwaambie shangazi yao anawapenda. Afya na amani viwe nyumbani kwako.

Mimi mdogo wako,
Cheche