Mwoka Mikate wa Ukoo wa Mwewe

Jumatatu, 4 Machi

Saluni leo ilikuwa vita. Kisa? Ile hadithi yetu ya kwenye simu, ya wafalme na mazimwi, inayotoka kila Alhamisi. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine tunasuka, na kusoma mbele peke yako ni marufuku. Sasa katokea mwoka mikate anayeitwa Mwewe. Na Mwewe ndio ukoo wa mabwana wenye ngome! Je, naye ni wa ukoo huo? Bosi kasema hapana, majina hufanana tu. Hata yeye Bosi, jina lake analo tajiri mmoja mjini, na hajawahi kualikwa kwake hata chai. Wakacheka wote. Mimi peke yangu nikamtetea mwoka mikate. Nilipandwa na hasira mpaka mteja akaniomba nisikaze hivyo, kichwa ni chake.

Jumanne, 5 Machi

Najua kwa nini iliniuma. Jina langu la ukoo ni la Baba, na Baba siye aliyenizaa. Alimuoa Mama nikiwa natambaa. Mama alipofariki, wote walidhani nitakwenda kwa wajomba. Nikabaki na Baba. Lakini Shangazi, dada yake, hachoki kusema: yule ana jina tu. Jumamosi ukoo unapiga picha studio. Kaniambia nije nishike mikoba.

Mikoba!

Alhamisi, 7 Machi

Nimeshinda! Ngome imezingirwa, ndugu wa damu wametoroka usiku, na mwoka mikate yuko juu ya ukuta anamwagia maadui mafuta ya moto. Bwana mkubwa akaulizwa huyu ni nani. Akajibu, "Aliyebaki na jina langu leo ni wangu." Bosi kaweka simu chini, kakubali: haya, umeshinda. Nikacheza kati ya viti, chanuo mkononi. Mteja mwenye rangi kichwani akanipigia vigelegele. Raha iliyoje!

Ijumaa, 8 Machi

Nimepiga pasi gauni la bluu. Sishiki mkoba wa mtu.

Jumamosi, 9 Machi

Niko kwenye benchi la studio. Shangazi alinirundikia mikoba mlangoni. Nikaiweka chini, taratibu.

"Shangazi, leo nimekuja kupigwa picha."

Akasema picha ni ya damu. Nilidhani nitalia — wapi! Nikaketi, nikatoa daftari, nikaanza kuandika mbele yao. Baba ameshakalishwa katikati, tai imemkaba. Mpiga picha akauliza, sasa anawapanga akina nani?

Baba akasema, "Anza na huyo anayeandika."

Shangazi kashika kitasa cha mlango. Akitoka, wanawe watamfuata, na picha ya ukoo itabaki ya mimi na Baba. Wanawe wanatazamana. Baba haangalii mlango. Kavuta kiti karibu naye, anakifuta vumbi kwa leso, na sasa ananipungia mkono, niache kuandika nije —