Mkwaju wa Chunguni

Mtambile, 11 Aprili 1961

Ndugu yangu Silima,

Nimeupoteza mkwaju wangu wa chunguni tangu Jumatatu tarehe 3, ulipoingia barazani kwangu nami niko sokoni, ukauchukua. Salamu utazikuta chini.

Miaka kumi na minne nimeulea mti ule, tangu nilipoung'oa mwambani huko huko kwenu Kiuyu. Mara saba nimeupunguza mizizi, matawi nikayapinda kwa waya, mpaka ukawa na sura ya mkwaju mzee kwa urefu wa inchi kumi na moja. Sikufunzwa na mtu. Niliona tu picha ya mti wa namna hiyo kwenye kalenda dukani kwa Tayabali. Wewe ukanicheka: "Kaka, mti gani huu, hata kuku haumpi kivuli!"

Leo umeupanda kwenye kaburi la Baba. Masika yameanza, wiki mbili tu mizizi itakimbia, na kazi yangu yote imekwisha.

Huku hatujambo. Mke wangu Mize kajifungua mtoto wa kike.

Umemwambia dereva wa gari la Kiuyu kuwa Baba mwenyewe aliusia mti ule upandwe kaburini kwake. Baba aliumwa siku kumi na tisa, na magari ya huko hupita mlangoni kwangu kila siku. Mimi nilipata habari keshazikwa.

Mwenye pumzi ya kuulizia mti anayo ya kumuulizia mwanawe. Je, aliniulizia? Kama aliniulizia, uache hapo hapo ukue utakavyo. Kama hakuniulizia, Ijumaa naja na jembe. Mpe dereva jibu Alkhamisi kabla ya adhuhuri: ndiyo, au siyo.

Kaka yako,
Pandu