Mizani ya Mbata

Mjomba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ningeanza barua bila shikamoo ungeirudisha hata kabla ya kuisoma, na mimi sina mtu wa kuipeleka mara ya pili.

Nakuandikia kutoka Dar es Salaam, kwenye chumba cha hoteli kilicho juu ya duka la matairi. Ni saa tisa alasiri. Asubuhi nilipima uzito, na kesho jioni napanda ulingoni kuugombea ule mkanda wa taifa wa uzito wa unyoya, uliokuwa wangu nikaupoteza bila kupigwa hata konde moja. Mbele yangu kuna sahani ya wali na samaki wa kukaanga, ya pili hiyo, maana ukishapima ruhusa kula. Kwa hiyo ukiona doa hapa juu, ni mafuta. Yakitokea mengine huko chini, usiniulize.

Mama hajambo, ila mguu. Mkeo hajambo pia, na amekataa katakata kuhamia kwa wanawe Kilindoni. Anasema hawezi kulala mahali asiposikia minazi. Barabara ya kwetu Bweni ni ile ile, inakupiga mbavu kuliko mpinzani yeyote niliyekutana naye.

Tangu asubuhi nawaza tulivyoanza. Watu walipojua kwamba mtoto wa dada yako anataka kupigana ngumi, walikuja kwa mama wawili wawili kama wanaokwenda kutoa pole. Nani atamwoa? Na huyo mwanamume wa kumfundisha, wa kumshikashika mikono, ni nani? Wewe ulikuwa uani kwetu, umesimama kwenye kifuo unafua nazi, ukizing'oa makumbi kwa ncha yake, na hukugeuka hata kuwatazama. Ulisema, "Nitamfundisha mimi. Mjomba haoi mpwawe. Haya, mwenye la kusema aseme." Wakaaga wawili wawili, kama walivyokuja. Ngumi ulijifunza ujanani ulipokuwa kuli bandarini, na mpaka siku ile wengi walidhani ulichorudi nacho kutoka Dar ni ile redio tu.

Konde langu la kulia ulilitoa kwenye nazi. Ulinisimamisha mbele ya ile ncha ya kifuo, ukanipa nazi, ukasema nisitumie mkono. "Mkono ni mjinga. Kinachofua ni kiuno." Nilifua mpaka viganja vikatoka malengelenge, nikakutukana kimoyomoyo, nawe ukasema nimesikia hayo, endelea. Miaka sita baadaye kiuno hicho kilimwangusha bingwa wa taifa raundi ya saba. Ulipanda ulingoni na kanzu yako, ukanifunga mkanda wewe mwenyewe, ukaufunga kinyume. Picha ile mama ameitia kwenye fremu hivyo hivyo.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Ulikuwa wakati wa kuutetea mkanda kwa mara ya kwanza. Nikasema kambi naiweka nyumbani, Bweni, nile chakula cha mama, na nifundishwe na wewe peke yako. Tulikuwa na gunia letu lililoshindiliwa makumbi, tulikuwa na ufukwe wa kukimbilia, tulikuwa na kila kitu isipokuwa mizani. Ya zahanati mshale wake ulikuwa umekwama. Ukasema hilo si neno, twende kwa mnunuzi wa mbata, tunakouza nazi zetu kavu, mizani ya mbata haina mzaha, imepima jasho la Bweni nzima miaka thelathini. Ukafunga ubao kwa kamba mbili, ukautundika kwenye ndoano pale yanapotundikwa magunia, nikakaa juu yake nikining'inia miguu hewani.

Bi Tatu alikuwa pale na magunia yake. Akauliza, "Shomari, na hii je, daraja la kwanza au la pili?" Ukamjibu, "Hii bado mbichi, inataka siku mbili za jua." Nilicheka mpaka mshale ukawa unacheza, ukanigombeza nitulie.

Kila asubuhi ulinipima. Siku ya mwisho kabla ya kusafiri mshale ulisoma hamsini na sita na nusu. Kikomo ni hamsini na saba. Usiku huo ukaniruhusu kula kipande cha muhogo, ukaniambia umeona mabondia wengi wakijikausha kama samaki wa ng'onda bila sababu.

Huku Dar nikapanda kwenye mizani yao, ikasema hamsini na tisa.

Walinipa saa mbili. Nilivaa mifuko ya nailoni chini ya nguo, nikapanda na kushuka ngazi za jengo lile, nikatema mate kwenye kopo mpaka mate yakakauka. Kilo moja ikatoka. Ya pili ikakataa. Mkanda wangu ulikuwa juu ya meza, na mzee mmoja wa kamati akauchukua taratibu, akautia ndani ya mfuko wake wa kitambaa mbele ya macho yangu. Siku ya pili nilipigana na miguu isiyo na nguvu, nikashindwa kwa pointi. Wewe ulikuwa kwenye kona yangu, taulo begani, unarudia jambo moja tu: "Niliona hamsini na sita na nusu. Mwanaidi, niliona hamsini na sita na nusu."

Yule mtu wa redio akanisogezea kinasa sauti kabla sijavua glavu. Akauliza kumetokea nini. Nami, Mjomba, nikasema, "Kocha wangu mzee. Hajui hata kusoma mizani."

Nimeandika sasa. Ni maneno saba, nimeyahesabu mara nyingi kuliko siku nilizoishi bila wewe.

Ulikuwa umesimama hatua mbili nyuma yangu. Ulinifungua bendeji za mikono, polepole kama kawaida yako, ukaenda zako kutafuta gari la Nyamisati, kwenye boti ya kisiwani. Mimi nikabaki mjini. Nikasema nitatulia kwanza, nitampigia. Wewe ndiye uliyepiga, mara tatu, sikupokea. Ukaacha ujumbe mmoja: "Mwanangu, sasa kula. Pumzika." Sikujibu. Sikuwa na hasira tena wakati ule. Nilikuwa na aibu, na aibu yangu ina kichwa kigumu kuliko mimi mwenyewe.

Nikadhani muda upo. Mtu akiwa Bweni siku zote, unadhani atakuwa Bweni siku zote.

Habari ilinifikia alfajiri. Presha, walisema, ulidondoka ukitoka kutawadha. Nilifika Nyamisati mapema, lakini boti ilingoja maji yajae, na maji hayana habari na msiba wa mtu. Nilipotia mguu Kilindoni ilikuwa alasiri. Ulikuwa umezikwa baada ya adhuhuri, kama inavyopasa, na hakuna wa kumlaumu. Nilikaa matangani pamoja na wanawake wengine, kila anayeingia ananipa mkono na kusema pole, mlipendana sana na mjomba wako. Nikaitikia. Nilitamani mmoja wao anizabe kofi.

Baada ya miezi minne, mama akanipigia simu. Watu wa vipimo walikuwa wamekuja kutoka serikalini na vyuma vyao. Wakatundika chuma cha kilo hamsini kwenye mizani ya mbata, mshale ukasoma arobaini na nane kasoro. Wakarudia mara tatu. Mnunuzi akaapa kwamba hakujua, na kiapo chake ajibu mwenyewe. Wakulima wakashika vichwa. Mizani iliyokupunja mbata zako tangu ndevu zako nyeusi ndiyo hiyo uliyonitundika ukaiamini. Ulisoma sawasawa. Hamsini na sita na nusu ilikuwapo pale, ulivyosema. Kilichokuwa cha uongo ni chuma cha mizani.

Nikapanda boti nije kumwambia mkeo. Nilidhani nitampelekea faraja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na kikasha cheusi, akakiweka mapajani mwangu. Ndani mlikuwa na miwani.

Akanieleza. Kwamba barazani, pale mlipokuwa mkicheza bao, wenzako walisikia maneno yangu redioni, na kuanzia siku ile wakakuita Mizani. Shomari hakuwapo tena. Mizani kaja, Mizani kaondoka. Ukaacha kwenda. Kisha ukajifungasha ukaenda Kilindoni kupimwa macho, hukumwambia mtu ila yeye. Ukarudi na miwani, ukaenda nayo mpaka kwa mnunuzi wa mbata, ukasimama mbele ya mizani ile ukiutazama mshale, ukiivaa na kuivua, kuivaa na kuivua. Ulikuwa unatafuta kosa lako. Ukamwambia mkeo, "Macho haya ndiyo yaliyomponza mtoto."

Ulikufa ukiamini hivyo. Hilo ndilo lisilonipa usingizi, si mkanda. Kwa hiyo nakuandikia wazi, nawe popote ulipo usome vizuri: macho yako yalikuwa mazima.

Tangu hapo nimefanya kazi, Mjomba. Sasa nafundishwa na Kocha Elia, mtu wa bara, mkristo wa kanisani kila Jumapili, mkali na mwenye haki. Anashangaa konde langu la kulia linatoka wapi, nami namwambia nenda kafue nazi. Nimeshinda mapambano manne mfululizo mpaka wakakosa sababu ya kuninyima nafasi hii. Juzi nilimwambia kwamba siku ya kupima uzito nitasema ukweli juu yako mbele ya waandishi. Akanisihi niache. "Watu wamesahau, Mwanaidi. Shinda kwanza, useme baadaye ukiwa na mkanda." Alinitakia mema, najua. Lakini nikishinda wataona ni ukarimu wa mshindi, na nikishindwa hakuna atakayenipa kinasa sauti. Deni la ulimi halingoji raundi ya kumi.

Basi leo asubuhi nimepanda. Hamsini na sita nukta tisa. Watu wakapiga makofi, mpinzani wangu akanitolea macho yale ya kupigwa picha. Sikumtazama. Nikashuka, nikamwomba kinasa sauti yule yule mtu wa redio, amenenepa kidogo, nikasema: "Mara ile nilisema kocha wangu hajui kusoma mizani. Nilimsingizia. Mizani ilikuwa mbovu, na mimi nilikuwa mbaya zaidi, maana mizani haina akili na mimi ninayo. Kocha wangu alikuwa Shomari wa Bweni, kisiwani Mafia, na kila ninachojua nimekitoa kwake." Kocha Elia akanishika bega.

Kijana mmoja wa gazeti akauliza huyo Shomari anapatikana wapi, wamhoji. Nikamwambia yuko Bweni.

Mungu akupanulie kaburi lako na akutie nuru humo, Mjomba. Mimi naamka alfajiri, nitasali, nitanyoosha mwili, na jioni nitapanda. Yule mwanamke ni mrefu kuliko mimi na ana mkono wa kushoto unaochapa, lakini hajawahi kusimama mbele ya kifuo. Nakusudia kushinda. Hilo siliahidi, maana ngumi ni ngumi.

Ninaloahidi ni hili. Jumatatu nashuka Kilindoni, na Jumanne niko Bweni, niwe na mkanda au niwe na jicho lililovimba. Nitakwenda barazani baada ya alasiri, wakiwa wote na kahawa zao. Najua mwanamke haendi pale. Nitakwenda. Nitasimama juu ya bao lao ikibidi, nitawaeleza habari ya chuma cha kilo hamsini na habari ya miwani, na sitaondoka mpaka kila mmoja wao, mdogo kwa mkubwa, alitamke jina lako mwenyewe.

Uniwie radhi, Mjomba. Na kama bado hujaniwia, nitakwenda hivyo hivyo.

Mpwa wako,
Mwanaidi