Kilo Sabini na Nane

Noonkopir, Kitengela
Jumatano

Kwa ndugu yangu Mbaluka,

Pokea salamu zangu huko Kajiado. Natumaini baridi haijakushika kifua na kwamba wenye mashindano wamekupokea vizuri. Mimi ni mzima, niko na kilo sabini na nane kama ulivyowatangazia watu. Mama pia ni mzima. Anauliza kwa nini hatuongei.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, na meseji zangu unazijibu kwa picha ya kidole gumba tu. Nimempa Parmuat barua hii, maana anapeleka mbuzi sokoni huko. Usiitie mfukoni. Isome mpaka mwisho.

Nina hasira nawe, Mbaluka. Gari hili la mashindano tulilianza pamoja, wewe na injini yako, mimi na karakana yangu, na tukakubaliana mimi ndiye dereva. Uliposema ni zito, niling'oa viti vya nyuma, zulia, redio, nikatoa vioo nikaweka plastiki. Siku mbili nilikuwa nimepiga magoti nikibandua lami ya sakafuni kwa patasi. Kila kitu tulikibeba hadi kwa Mwihaki, tukakipima kwenye mizani yake ya magunia ya chakula cha ng'ombe, hata vishikio vya milango. Wakati huo nilikuwa nacheka.

Kisha Jumapili ile, watu wakitoka kanisani, ukaniambia nami nipande. Nilidhani ni mzaha. Ukasoma namba kwa sauti, ukasema kumbe mzigo mkubwa kuliko yote bado uko ndani ya gari. Wateja walicheka mpaka wakaegemea magunia. Ni Mwihaki peke yake aliyekukemea, akasema mizani yake si ya kupimia watu. Ukamjibu kwamba hiyo ni hesabu tu: nipunguze kilo ishirini, kwangu ama kwenye gari, la sivyo usukani ni wa Lemein, kwa sababu yeye ana hamsini na mbili akiwa na viatu.

Lemein sina neno naye. Alikuja kuniomba msamaha, akasema yeye ni mtu wa bodaboda na hakuutafuta usukani huo. Wewe mpaka leo hujaniomba.

Sasa sikiliza, maana hapa hasira inanigeukia mwenyewe. Juma lililofuata ulikuta gari limepungua kilo kumi na tisa. Ukanipiga bega, ukauliza nimefanyaje, nikasema nimetoboa matundu hapa na pale. Nilikudanganya. Nilikata ile fremu ya paipu nzito inayozuia paa lisimwangukie dereva gari likipinduka, nikachomelea mahali pake paipu nyembamba za vitanda vya bweni zilizobaki kwenye ile oda ya shule. Nikazipaka rangi nyeusi ileile. Nilijua ninachofanya. Nilitaka kiti changu, na nikajiambia kichwa kitakachokaa chini yake ni changu.

Ukazifurahia hizo kilo, halafu ukampa Lemein usukani hata hivyo, eti imebaki kilo moja. Nami nikanyamaza. Nilinyamaza kwa uchungu, Mbaluka, siku tisa nzima.

Jana mke wa Lemein alipita hapa na mtoto mgongoni. Alitaka kujua kutoka kwa fundi mwenyewe kama gari ni salama. Nikamwambia ni salama. Akanishukuru, akaniachia maziwa.

Sijayanywa. Leo asubuhi nilimwita Lemein nikamweleza yote. Alikaa juu ya tairi, kisha akaenda zake. Baada ya hapo nilichukua grainda nikazikata paipu zote, na nguzo za paa pia, ili usije ukanibembeleza. Ijumaa usilete pikapu. Hakuna gari la kupeleka mashindanoni.

Fremu nzito nitairudisha, na kilo zake zote. Ukasirike, una haki. Lakini ukirudi, kabla hujafika kwangu, pitia kwa Mwihaki uombe msamaha palepale uliponipandisha mizanini. Mimi nimeshaenda kwa mke wa Lemein, nikaomba wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango.

Mama anakusalimu sana. Anasema uvae sweta.

Ni mimi dada yako,
Ndanu