Nilifungua Imeli ya Mchumba Wangu, Sasa Anayefukuzwa Kazi Ni Yeye

Bi Mbeyu, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi na sikuwahi kudhani kwamba iko siku nitakuandikia, maana shida za wenzangu nilikuwa nikizisoma huku nacheka, lakini sasa zimenifika mwenyewe na sina wa kumwambia, mama yangu yuko Kitui na dada yangu ukimwambia neno asubuhi mchana lishafika kwa majirani, kwa hivyo naomba unisaidie na unisikilize hadi mwisho kabla hujanihukumu.

Ninafanya kazi mapokezi katika hoteli moja hapa Diani, jina lake naomba nisilitaje, na mchumba wangu Onesmus Mutunga yuko hapo hapo, yeye ndiye anayeshughulikia bukingi za wageni na ndiye anayeijua kompyuta. Wazee wake walishapeleka kwetu mbuzi wa ntheo, na kwa Wakamba mbuzi hao wakishapokewa wewe ni mke wa mtu, limebaki kanisa tu, na padri wa Ukunda amesema mwezi ujao ataanza kututangaza kwenye misa ya Jumapili.

Shida yangu ni msichana anayeitwa Immaculate. Yeye yuko katika ofisi ya watu wanaopeleka watalii Funzi kwa mashua, na kwa kuwa wageni wetu wanapenda sana kwenda Funzi basi kila siku ni simu, na nikiipokea mimi hasemi naomba kuzungumza na Bwana Mutunga kama watu wengine, anasema, "Ono yuko?" Ono. Mimi niliyetolewa mbuzi simwiti Ono. Halafu mwezi wa pili alimletea kaa wawili wakubwa, wazima, wamefungwa kwa ukili, na Onesmus ambaye amezaliwa Mwingi na hajala kitu cha baharini tangu aje huku alikaa kwenye jiko la wafanyakazi akawala wote wawili, ananyonya hadi magando, na nilipomuuliza tangu lini anakula kaa akanijibu, "Kwani kuna ubaya gani, si chakula?" Bi Mbeyu, mwanamume habadilishi chakula hivi hivi tu, kuna kitu.

Sasa nikueleze ya imeli. Hoteli yetu ina anwani moja tu kwa watu wote. Kompyuta inaunganishwa na simu asubuhi na alasiri, imeli zinashuka, na mimi ndiye ninayezichapisha, ninazikunja na kumtilia kila mtu zake katika vile vijisanduku vya funguo nyuma ya mapokezi, ninatumia vya vyumba visivyo na wageni, na tangu zile ghasia za Likoni vyumba visivyo na wageni ni vingi. Sheria ni kwamba unachapisha bila kusoma. Mimi sikuwa ninasoma za watu, nilikuwa ninasoma za Onesmus tu.

Basi alasiri moja wageni wamelala baada ya chakula na Onesmus amekwenda posta Ukunda, ikashuka imeli kutoka kwa Immaculate, na ndani kwa Kiingereza kulikuwa na maneno machache tu, kwamba hiki hapa ulichoniomba, usimwonyeshe mtu mwingine. Chini yake limebandikwa faili. Nikachapisha, ikatoka karatasi yenye maneno hayo matupu, kwa sababu faili halitoki mpaka ulifungue, na kufungua mafaili ni kazi ya Onesmus peke yake. Nikalifungua, na kompyuta ikaleta kidirisha ikaniuliza kama nina hakika, kwamba faili hilo huenda likawa na kitu cha kudhuru, nami nikasema moyoni kwamba hicho cha kudhuru ndicho ninachokitafuta, nikabonyeza ndiyo.

Ndani mlikuwa na bei za safari za mashua. Watu wazima kiasi hiki, watoto kiasi hiki, chakula cha mchana kimo. Nilisoma hadi chini kabisa nikitafuta jina la Onesmus na sikuliona, nikajua wamenizidi akili, nikafunga, nikaichana ile karatasi na kuitupa chooni.

Sikujua kwamba faili lilikuwa na virusi, na kwamba kompyuta ingewatumia watu wote waliomo kwenye orodha yetu ya anwani maneno yale yale na faili lile lile, kwa jina la Onesmus, maana kompyuta ile imewekwa kwa jina lake. Yakaenda kwa mawakala wa Ujerumani na Uswisi, yakaenda ofisi yetu kuu Nairobi, kwa padri, kwa mzee anayetuletea kuku kutoka Shimba Hills, na hata kwa mke wa meneja wetu Bwana Baya, ambaye anafanya kazi benki huko Mombasa na alipata imeli kutoka kwa Onesmus ikimwambia hiki hapa ulichoniomba, usimwonyeshe mtu. Kesho yake zikaanza kurudi, kwa sababu kila aliyefungua naye kompyuta yake ilitutumia sisi, zikawa zinashuka kutwa bila kikomo, laini ya simu haikupumua, bukingi za kweli zikakosa njia, na kundi la Wajerumani la Pasaka lilipokosa jibu likaenda hoteli nyingine.

Fundi aliletwa kutoka Mombasa, akasema wa kulaumiwa kwanza ni waliotengeneza programu hiyo ya imeli, kwa sababu wameiacha kama nyumba yenye mlango usio na komeo, lakini hata hivyo mtu alilifungua faili kwa mkono wake. Onesmus akamkumbusha meneja kwamba tangu mwaka jana alikuwa akiomba programu ya kuzuia virusi na akaambiwa hakuna pesa, akasema kosa ni la programu. Bwana Baya akamwambia, "Programu haina mkono, Mutunga. Mkono ni wako." Akamsimamisha kazi, na Jumatano wakubwa wanakuja kutoka Nairobi kumsikiliza, na kila mtu hapa anasema atafukuzwa. Kazi zenyewe unajua zilivyo pwani hii sasa, akitoka hapa hapati nyingine.

Juzi nilikwenda kumwona nyumbani kwake akaniambia, "Nthambi, labda ni mimi kweli. Labda nililigusa nimechoka nikasahau." Mimi nikamwambia pole, nikamtilia chai.

Lakini kinachoniua zaidi ya yote, Bi Mbeyu, ni kwamba huyu Immaculate amesema Jumatano atakuja mbele ya hao wakubwa aeleze kwamba virusi vilianzia kwenye kompyuta ya ofisi yao, ili kumwokoa Onesmus. Amejitolea mwenyewe, hakuitwa na mtu, kwa nini ajitolee kama hana lake? Na Onesmus aliponieleza habari hiyo uso wake uling'aa, mara ya kwanza tangu asimamishwe, akasema, "Yule dada ana moyo." Sikulala. Ataonekana yeye ndiye aliyemwokoa mchumba wangu, mbele ya watu, nami nimesimama hapo mapokezi nagawa funguo.

Naomba unishauri nitamzuiaje asije hiyo Jumatano, na kama nimwambie Onesmus achague kati yetu kabla padri hajaanza kututangaza, au niwatume akina mama wa jumuiya wakazungumze na huyo msichana. Na hata kama jina lake lilikuwa kwenye imeli kwa ajili ya virusi, kwa nini awe na anwani ya Onesmus? Pia unishauri kama ni lazima niseme ni nani aliyefungua lile faili, maana hakuna aliyeniona. Nijibu upesi.

Ni mimi Nthambi, Diani.

*

Mwanangu Nthambi, marahaba. Barua yako nimeipitisha mbele ya zilizoitangulia, na si kwa ajili ya Immaculate.

Hebu tummalize yeye kwanza, maana naona hutanisikia mpaka nimtoe njiani. Anwani ya Onesmus anayo kwa sababu anafanya naye biashara, na anwani yenyewe, kwa maneno yako, ni ya hoteli nzima. Yale maneno ya usimwonyeshe mtu hakuyaandika yeye. Yameandikwa na mwovu mmoja asiyekujua wewe wala Funzi, na kompyuta ya Immaculate iliyatuma kwa kila mtu kama yako ilivyoyatuma kwa mwuza kuku. Au unataka kuniambia Onesmus ana siri na mwuza kuku? Mke wa Bwana Baya naye tumfanyeje?

Habari ya kaa siijui. Huenda msichana anampenda, huenda ana mkono wa kutoa tu, na mimi nimezaliwa Msambweni, nakwambia mtu wa bara akionja kaa mara moja haulizi ameletwa na nani. Kama jambo hilo linakukereketa, mwulize Onesmus kwa kinywa chako, "Huyu anakuitaje Ono?", kisha usikilize jibu. Wivu hauna aibu. Nami nilikuwa nao, marehemu mume wangu alikuwa akishonewa kanzu na mjane mmoja hapo mtaa wa pili na kila kanzu mpya niliigeuza ndani nje nikitafuta sijui nini. Nakuonea huruma, wallahi. Kulala na moyo unaowaka hivyo ni kazi.

Lakini barua yako umeipanga kichwa chini. Kaa umewaweka mbele, na lile la kwamba mtu anafukuzwa kazi kwa kosa lako umelitia mwisho kabisa, baada ya neno "pia", kana kwamba unaniuliza utavaa kitambaa gani. Mtu amekaa mbele yako anajitilia shaka akili zake mwenyewe, anasema labda ni mimi nimesahau, na wewe unayejua unamwambia pole. Hapo ndipo uliponiudhi. Kufungua lile faili ulikosea kama yeyote angekosea. Kumwacha mwenzio aamini kwamba ni yeye, hilo unalifanya leo, na kesho ukiamka utalifanya tena.

Usijifiche nyuma ya lile swali lako kwamba hakuna aliyekuona. Wala usijifiche nyuma ya fundi. Ni kweli waliotengeneza programu hiyo wana lawama, tena kubwa. Inakuwaje barua moja ikifunguliwa iende yenyewe kwa dunia nzima? Barua gani hiyo? Hata Bwana Baya ana lawama yake, aliyeombwa kinga akasema hakuna pesa, na hoteli inayompa mtu mmoja kuchapisha imeli za watu wote kisha ikategemea hatasoma nayo haina akili. Hayo yote yasemwe Jumatano na yasemwe kwa sauti. Ila hayawezi kusemwa na Onesmus peke yake, kwa sababu yeye wanamtazama kama mtu anayejitetea. Ukiyasema wewe uliyebonyeza, ukawaeleza kile kidirisha kilikuuliza nini na kwamba hakuna aliyewahi kukufundisha maana yake, watakusikiliza.

Basi fanya hivi. Mwambie Onesmus kwanza, kabla ya meneja, kabla ya padri, na usimtume mtu wala usimwandikie. Mwambie ulikuwa ukisoma imeli zake, mwambie kwa nini, na mwambie karatasi uliichana. Usianze na Immaculate. Ukianza naye atadhani umekuja kugombana, na la maana halitasikika. Akikasirika mwache akasirike, akikuuliza maswali mjibu yote. Kisha nendeni kwa Bwana Baya pamoja ikiwa atakubali kufuatana nawe, na ikiwa hatakubali nenda peke yako. Onesmus achukue nakala za yale maombi aliyoandika mwaka jana kama anazo. Huenda ukapewa onyo, huenda ukasimamishwa wewe, sikufichi. Na Immaculate mwache aje Jumatano aseme lake, kwa sababu analosema ni kweli na litamsaidia. Ukimwona, msalimie vizuri. Akina mama wa jumuiya waache na shughuli zao.

Sikuahidi kwamba atakuoa. Wazee wanaweza kurudishiana mbuzi, na wewe unajua kwenu hurudishwa namna gani. Lakini ukinyamaza ukaolewa, utaishi na mwanamume aliyepoteza kazi kwa ajili yako wala hajui, na kila atakapotoka kutafuta kibarua utakuwa unamfungulia mlango. Mimi nisingeweza. Sidhani wewe unaweza, ndiyo maana umeniandikia.

Majina nimeyabadilisha yote, lako, lake, la meneja na la huyo msichana. Kisa chenyewe sikuweza kukibadilisha, na hoteli za Diani zilizopatwa na mkasa wa namna hii si nyingi. Gazeti hili linafika Ukunda Jumamosi asubuhi, na mtu aliyesimamishwa kazi ana nafasi ya kulisoma lote, hadi matangazo ya vifo. Nilifikiria kuiweka barua yako mpaka Jumatano ipite, nikaona nami nitakuwa nimenyamaza huku mtu anafukuzwa. Kwa hivyo ukifika hapa, omba ruhusa uende kwake sasa hivi, na ukimkuta analo mkononi, mwache amalize kusoma, kisha mwambie ni wewe.

Bi Mbeyu