Kijiko Kwenye Breki

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamekupa nafuu na Mama hajambo. Mimi mzima, ila mikono ni oili mpaka kwenye viwiko. Ningepiga simu, lakini masikio yako na simu hayaelewani, tungeishia kupigiana kelele.

Leo nakuuliza jambo ambalo sijawahi kukuuliza. Makumbusho yetu ya jeshi yanahamia jengo jipya, na vifaru vyote vimeshahama isipokuwa kimoja, kile kikongwe kilichokaa uani kwa mvua na jua tangu sijazaliwa. Kreni haipiti getini, kwa hiyo lazima kikokotwe hatua arobaini hadi kwenye trela barabarani. Tumekivuta kwa winchi siku tatu. Tumemwagia magurudumu oili, tumegonga minyororo kwa nyundo. Kamba ya chuma ikakatika, chenyewe kimekaa tu kama mgeni asiyetaka kuaga.

Uwanja unakabidhiwa mwisho wa mwezi. Mkuu wa karakana amesema kisipotoka ifikapo tarehe 25, kinakatwa kwa gesi na kuuzwa chuma chakavu. Mchomeleaji ni mimi, kwa hiyo mkataji pia ni mimi. Sitaki, Baba.

Najua uliendesha vifaru vya aina hii. Nilipopata kazi hapa uliguna tu, ukaenda kumwagilia bustani. Ukiamua kunyamaza sitakulaumu. Lakini kama kuna unachokijua, niambie.

Mwanao


11 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Magoti huniuma nikipanda ngazi, kwa hiyo nimeacha kupanda ngazi. Mama yako mzima, anasema ule vizuri.

Acheni kuvuta, mtaumizana bure. Ingia kwenye kiti cha dereva. Kuna mikono miwili mirefu ya chuma, kulia na kushoto. Ukiikuta imevutwa nyuma, breki imefungwa, wala si kutu. Chini ya ule wa kulia kuna kipande chenye meno kinachoishikilia. Meno yale yalikuwa yanalika haraka, kwa hiyo madereva tulikuwa tunachomeka kijiko cha kulia chakula ili yasiachie. Hukuti hilo kwenye kitabu chochote. Tafuta kijiko.

Mimi nilijifunza kwa ubaya. Siku moja niliegesha mlimani bila kuchomeka kitu, nikaenda kunawa. Mpiga mzinga wetu alikuwa amejinyoosha nyuma ya kifaru, kivulini. Meno yakaachia. Aliponea chupuchupu, lakini mguu mmoja aliupoteza. Nilikwenda kumwona hospitali, nikasimama kando ya kitanda chake. Akachukua kijiko chake pale mezani, akanipa. "Shika," alisema. "Mimi narudi nyumbani, huko nitapewa kingine."

Ndicho hicho kinachokaa kwenye mfuko wa shati langu, anachonitania nacho Mama yako. Sijawahi kumwambia mtu. Leo nimekuandikia wewe, na yeye nimemsomea kabla ya kufunga bahasha. Ahsante kwa kuniuliza.

Baba yako


27 Machi

Baba yangu,

Shikamoo, na Mama mwambie ninakula. Barua yako ilifika tarehe 23. Mlango wa dereva ulikuwa umegandana na kutu, hakuna kati yetu aliyewahi kuufungua. Nikauchokonoa kwa mtaimbo asubuhi nzima. Ndani nilikuta majani makavu, tope na kiota cha nyigu. Nikapapasa chini ya mkono wa kulia. Kijiko kilikuwepo, Baba.

Nilikitoa kwa nyundo ndogo, nikasukuma mikono mbele, mkuu akaanza kuvuta polepole. Kikatembea. Kililia kama mlango mbovu, lakini kilitembea hatua zote arobaini. Mkuu, ambaye siku zote ananiita mtoto wa juzi, alivua kofia.

Kijiko alitaka kukitupa, nikakataa. Sasa kiko kwenye kisanduku cha kioo kando ya kifaru, na nimepewa kazi ya kuandika maelezo yake. Sijui kilikuwa cha nani. Nimeandika hivi: "Dereva wa kifaru hiki alikula kwa mkono ili wenzake wapumzike salama. Tunamshukuru."

Nakushukuru na wewe. Njoo ukione.

Mwanao


19 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa safarini. Maelezo yako niliyasoma mara nne, kisha nikamwomba Mama yako anipigie pasi shati. Miaka yote hii nilijua mpiga mzinga wetu anaishi wapi. Nilikuwa sijui nianzie wapi.

Alifungua mlango mwenyewe, na fimbo yake. Amenenepa. Nikatoa kijiko nikakiweka mezani. Akakigeuza-geuza, akanitazama.

"Nilikupa kijiko," alisema, "na wewe ukangoja miaka thelathini na minane kuja kula?"

Mkewe akapakua. Nilikula kwa kijiko hicho kwa mara ya kwanza. Nikamwambia ahsante, nikalia, naye akaniacha nilie hadi nikamaliza, kisha akaniongezea mchuzi.

Tunakuja wote wawili Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tafuta kiti chenye mgongo, mwenzangu hawezi kusimama sana. Mwombe mkuu wako aniruhusu nikae kidogo kwenye kiti cha dereva. Mwenzangu anasema mimi nikiwa ndani, yeye atakaa nyuma ya kifaru, palepale pake pa zamani. Kijiko nitakuja nacho.

Baba yako